Ufike au Uje

Daftari langu la vipimo lina miaka kumi na saba, na jalada lake nimeshalishona upya mara mbili kwa vipande vya jinzi. Humo wamo Wakristo wa Unguja wa kila aina: kwaya za Kianglikana, kwaya za Kikatoliki, Walutheri, Wasabato, na yale makanisa ya ndugu zetu waliookoka ambayo jina huwa refu kuliko bango. Bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono. Tepu ikishapita mgongoni haiulizi mtu kabatizwa kwa maji mengi au machache. Inachokiona ni nani kanenepa tangu Pasaka.

Nasema hayo leo. Huko nyuma mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuuliza.

Mie ni mtu wa Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja, Mwanglikana wa kuzaliwa, na asili yetu ni Mbweni. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walichukua shamba pale miaka ya 1870, wakawaweka watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Watu hao walitoka kila upande, Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazigua, na wengine walichukuliwa wadogo hata lugha ya mama zao hawakuikumbuka. Bibi yangu akiulizwa kabila alijibu, "Mie wa Mbweni," na mtu akizidi kumchimba alikasirika. Kilichowashikanisha ni Kiswahili, mihogo na kengele ya kanisa. Sisi ni nguo ya viraka, kwa hiyo sina udhuru wa kutokujua thamani ya mshono.

Lakini nilicholelewa nacho ni majivuno. Tulipokuwa watoto tulipelekwa Mkunazini, kwenye kanisa kuu lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Tukaoneshwa duara la marumaru mbele ya altare, tukaambiwa hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa wakipigwa. Tukaoneshwa msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, huko Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Tukachekeshwa na zile nguzo za nyuma zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, eti Askofu Steere alikuwa safarini na mafundi hawakumngoja. Mtoto aliyelelewa na hadithi hizo huona Wakristo wengine wote ni abiria waliochelewa boti.

Na boti yenyewe hatukuipanda wa kwanza. Kutoka Mkunazini mpaka Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki, kwa miguu hazifiki dakika kumi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Unguja 1863. Askofu wetu Tozer akaja 1864. Hilo la mwaka mmoja nililijua ukubwani. Bibi hakulitaja hata siku moja.

Cha kushangaza ni kwamba hao ndio tunaofanana nao. Mgeni akiingia kwetu, akasikia harufu ya ubani na mlio wa kengele, akaona misa inavyokwenda, hudhani kapotea njia kaingia kwa Wakatoliki. Ushonaji wenyewe nilifunzwa na Mkatoliki, mzee wa Kigoa, mmoja wa wachache waliobaki baada ya Mapinduzi. Hakukata kitambaa kabla ya kuchora msalaba hewani kwa ncha ya mkasi. Nami nimeiga. Wateja wangu waliookoka hunitazama kwa jicho la pembeni, ila kazi zao hawajahamisha.

Hoteli zilipoanza kuota kwenye fukwe, Nungwi, Kiwengwa, Paje, vijana wa bara walikuja kwa wingi, na makanisa yakaja nao. Wakasali kwenye vyumba vya kupanga na nyumba zisizoisha, kwa ngoma na vinanda na vipaza sauti. Sisi tukawaita watu wa makofi. Wao wakatuita wafu wa vitabu, kwa sababu tunasali kwa kusoma. Kila upande ulijua jina lake, na kila upande ulijifanya haulijui.

Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo huwa tarehe 18 hadi 25 Januari. Mwaka mmoja iliundwa kamati ya ibada ya pamoja, nami nikatiwa ndani kwa sababu ya cherehani: kwaya nne, sare moja. Nilidhani ni kazi ya kitambaa tu, nitashuka Mchangani, nitachagua jora, basi. Zambarau ikakataliwa, ni ya Kwaresima. Nyekundu ikakataliwa, mtu akasema itakuwa kama tunakwenda uwanjani. Kijani na manjano hazikujadiliwa hata dakika mbili, maana Zanzibar rangi si jambo la mchezo, ukivaa vibaya utaulizwa kura yako. Nyeupe ikaelekea kupita, mpaka mama mmoja akasema kwao nyeupe ni ya siku ya ubatizo. Vikao vitatu vikaisha hivyo. Cha nne kilipangwa Jumamosi asubuhi, Wasabato wakauliza kama tunawafukuza kwa adabu.

Mwisho kila kwaya ilivaa ya kwake. Waliimba kwa zamu, dakika nane nane, na mtu kashika simu anahesabu. Walikaa pembe nne za kanisa kama timu za bonanza. Hata soda za baadaye kila kundi lilinywea upande wake. Na ile ngoma kubwa ya wenzetu haikuingia, ilibaki nje mlangoni imefunikwa kanga, kwa sababu kuna mtu kwenye kamati alisema ngoma haikaribii altare. Mtu huyo alikuwa mimi.

Palikuwa na wakati tuliungana kweli. Mwaka 2012 makanisa kadhaa Unguja yalichomwa moto, na Februari 2013 padri mmoja Mkatoliki alipigwa risasi akafa, Jumapili asubuhi. Miezi ile tulipigiana simu usiku, Mlutheri kwa Mkatoliki, mlokole kwa Msabato, kuulizana kama mmefika nyumbani. Jirani yangu wa ukutani, Muislamu, mama wa watoto sita, alikuja na mkeka akalala sebuleni kwangu wiki nzima. Alisema nyumba yangu ina upepo kuliko yake. Haina. Hofu ilipopoa, na simu nazo zikapoa. Watu wakijibanza baraza moja kwa sababu ya mvua, mvua ikikatika kila mtu hushika njia yake.

Sasa nije kwa shoga yangu.

Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja Unguja kufua mashuka hotelini, mgongo ulipomchosha akahamia mjini, akawa anauza chai na maandazi karibu na kibanda changu. Alizaliwa Mkatoliki, akaokoka hapa hapa kisiwani. Siku ya kwanza aliyoingia na kitambaa cha kwaya yao alisema, "Bwana Yesu asifiwe!" Nikamjibu, "Salama." Nilifanya makusudi. Mkatoliki akija na "Tumsifu Yesu Kristo" nilikuwa namjibu "Milele amina" vizuri kabisa, lakini kwa hawa wa makofi nilikuwa na ubahili. Yeye akacheka, akaweka mfuko chini, akasema, "Haya, salama naye asifiwe."

Miaka kumi na moja tulikaa hivyo. Asubuhi maandazi mawili na kikombe, na bei yake naiandika nyuma ya daftari, mwisho wa mwezi tunakatana na ushonaji. Tuligombana sana. Alikuwa na hakika kwamba watakatifu waliokufa hawasikii, nami nilikuwa na hakika kwamba waliokufa wanasikia kuliko wanakwaya wake. Siku moja alimwaga pochi mezani akitafuta kipande cha kitambaa cha mfano, ikaanguka rozari ya shanga za mbao, zimekuwa nyeusi kwa kushikwa. Akaiokota upesi.

"Ya mama," akasema. "Siisali. Lakini kuitupa siwezi."

Alifariki usiku wa Jumatano, kwa presha.

Asubuhi sheha alishajua, na wanaume wa mtaa walishakusanyika barazani na majembe na sururu. Wengi wao Waislamu, ndio mtaa wetu ulivyo. Mzee anayewaongoza vijana wa kuchimba aliuliza swali moja tu: "Shimo lichimbwe wapi?" Kwao mtu akifa usiku, adhuhuri keshasitiriwa. Hakuona ugumu wa swali lake.

Kanisa la marehemu halikuwa na makaburi. Lilikuwa na chumba cha kupanga na viti. Mchungaji wake, kijana wa miaka thelathini na kitu, alipiga simu mpaka salio likaisha. Wakatoliki wa hapa, kanisa la ubatizo wake wa utotoni, walisema kwa upole kwamba mwenyewe aliondoka, na padri yuko Pemba, angojewe kwanza. Ndipo wakaja kwetu, maana sisi tuna eneo la zamani na nafasi ipo. Na karani wa halmashauri ya kanisa letu, mwenye daftari la waumini na zaka zao, ni mimi.

Walinikuta kwenye cherehani. Mchungaji kijana nilimkaribisha kiti, hakukaa. Nilifungua kabati, nikatoa daftari la kanisa, nikapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa kana kwamba sikujua nitaona nini. Nikasema, "Jina lake halimo."

Nilisema hivyo hivyo. Maandazi yake ya juzi nilikuwa sijayalipia. Nikaongeza kwamba utaratibu ni utaratibu, tukimruhusu mmoja leo, kesho watakuja wote. Yule kijana akasema, "Asante, mama," akatoka. Hakupandisha sauti. Angepandisha sauti ningepata pa kushikia.

Haikupita saa, mtoto wa jirani akaja mbio: "Mama kasema ushone gauni la marehemu, na kaka zake wameshashuka botini." Nikavuta daftari jengine, hili la jinzi. Nikafunua. Bega 16, kifua 44, kiuno 40, urefu 54. Na pembeni kwa penseli, mwandiko wangu mwenyewe: *mkono usibane, anapiga makofi.*

Sikulia. Nilikaa pale na penseli mkononi muda ambao sijui ni kiasi gani. Kisha nikafunga kibanda nikaenda kwa padri wetu, nikamwambia nilichofanya. Nilitegemea mahubiri. Aliuliza, "Mchimbaji umeshamwambia?" Nikasema bado. "Basi unangoja nini hapa?"

Nilimkuta yule mzee na vijana wake bado wako barazani. Walikuwa wamekaa na majembe tangu saa mbili asubuhi na ilikuwa inakaribia saa tisa. Nikamwelekeza mahali. Hakunilaumu, alisema tu, "Jua limekwenda, mama," akasimama, na vijana wakasimama nyuma yake. Tukakubaliana maziko yawe kesho yake asubuhi. Usiku ule walichimba kwa taa za simu.

Gauni nililikata jioni ile, poplini nyeupe. Nilipolipeleka nyumbani kwa marehemu nikakuta vita chumbani, ya kunong'ona, ambayo ni mbaya kuliko ya kelele. Kaka zake wawili, Wakatoliki wa Tabora, walikuwa wameiona rozari ya mama yao kwenye vitu vya marehemu, wakataka afungwe mkononi. Akina mama wa kanisa lake wakasema hapana, dada aliyaacha hayo, alishuhudia mbele yetu, hamtamrudisha akiwa hana kauli. Wote walikuwa wanamtetea yeye. Wote walikuwa wamevimba macho.

Kaka mkubwa alinifuata uani. Alikuwa ameishika kwenye leso. "Fundi," akasema, "mimi sitaki ugomvi juu ya maiti ya dada yangu. Ichukue wewe. Utakavyoona." Akanikabidhi akarudi ndani.

Nikasema gauni lina mshono wa kumalizia, nikakaa uani kwenye kigoda, chini ya taa, na sindano ya mkono. Nilikata mfuko mdogo kutoka kwenye pindo, upana wa vidole vinne. Nikaushona kwa ndani, kifuani, upande wa kushoto, kwa mshono mdogo mdogo ambao kwa nje hauonekani. Nikaitia rozari. Nikaufunga mdomo wa mfuko, nikakata uzi kwa meno. Jirani yangu alikuwa anachambua mchele pembeni yangu, aliona kila kitu. Akanitupia macho, akaendelea na mchele.

Akina mama wa kanisa walimvisha. Hakuna aliyegusa pale.

Sijui kama nilifanya sawa. Nimewahi kujitetea kwamba nilimtumikia yeye na si upande wowote, kwa sababu maneno yake niliyasikia mwenyewe: kuisali haisali, kuitupa hawezi. Siku nyingine naona nilifanya ujanja wa fundi, wa kuficha mshono usiopendeza. Chagueni wenyewe.

Maziko yenyewe yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye sala. Mchungaji kijana aliongoza. Padri wetu alikuwapo. Yule padri wa Pemba naye alirudi kwa boti ya alfajiri akaja moja kwa moja makaburini, viatu vina mchanga, na hilo nataka liandikwe. Majirani walibeba jeneza kwa kupokezana, kisha wakakaa kando chini ya mwembe. Mchungaji akasema, "Tusali sala aliyotufundisha Bwana."

Tukaanza vizuri. Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe. Hapo tulikuwa sauti moja, nikasikia raha mwilini. Kisha: ufalme wako... Wakatoliki wakasema "ufike", wengine wakasema "uje". Huku "utakalo lifanyike", kule "mapenzi yako yatimizwe". Huku mkate, kule riziki. Huku wanaomba kusamehewa makosa, kule wanaomba kusamehewa deni. Kila upande ukapandisha sauti kidogo usije ukapotea njia. Wakatoliki wakamaliza na "utuopoe maovuni, amina", wakanyamaza, wakadhani tumekwisha. Walokole ndio kwanza wanapanda mlima, "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu". Kaka mdogo wa marehemu alikuwa ameshainama kuchota mchanga, akabaki ameinama, mkono umejaa, anangoja.

Tukirudi, yule mzee wa kuchimba alitembea na mimi. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Ile dua yenu ni moja au mbili?"

"Moja, baba."

"Ahaa." Akatembea hatua kadhaa. "Nilisikia kama mbili."

Swali hilo lilinikaa. Baada ya wiki mbili nilikwenda kumwona padri wetu mmoja mstaafu, mzee anayejua mambo ya kale na anayependa kuulizwa, nikamtaka anieleze Baba Yetu imegawanyikaje. Akasema kila misheni ilikuja na meli yake, mfasiri wake na mtambo wake wa kupigia chapa. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alianza Mombasa 1844, akashika Kimvita cha huko. Steere akakaa hapa na Kiunguja chetu. Waprotestanti peke yao walikaa miaka na miaka na Biblia zaidi ya moja za Kiswahili, mpaka waliposhauriana wakatoa moja, ile ya Union Version ya 1952. Wakatoliki walikuwa na sala zao tangu enzi za mapadri wao wa kwanza. Baadaye ndipo ikaja Biblia ya Habari Njema, iliyofasiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa meza moja. "Kwa hiyo pale kaburini," akasema, "mlikuwa mnagombanisha wafasiri waliokufa zamani."

Kisha akaniuliza kama ninalijua la 1913. Nikasema silijui. Akajiweka sawa kitini.

Mwaka huo, huko Kikuyu, Kenya, wamisionari wa Kianglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine walikutana kutafuta namna ya kufanya kazi pamoja badala ya kunyang'anyana watu. Mwisho wa mkutano, ndani ya kanisa la misheni ya Waskoti, askofu wa Kianglikana wa Mombasa aliwapa Komunyo wote pamoja. Habari ikavuka bahari mpaka Unguja. Askofu wetu, Frank Weston, akawaka moto. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka maaskofu wawili, wa Mombasa na wa Uganda, washitakiwe kwa uzushi. Magazeti ya Uingereza yakapata la kusema.

"Kwa hiyo," padri akasema, akinitazama juu ya miwani, "kuna mtu wa Unguja aliyefungua daftari kabla yako."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na hayakuwa ya kicheko yote. Weston hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyepigana na serikali ya kikoloni juu ya kazi za kulazimishwa, na mzee hakutaka nimfanye kikaragosi. Akanimalizia kwamba 1920, kwenye mkutano wa Lambeth, London, maaskofu 252 wa Kianglikana walipotoa wito kwa Wakristo wote watafute umoja, Weston alikuwa miongoni mwao na aliuunga mkono. Miaka saba. Nilihesabu kwa vidole nikiwa kwenye daladala. Mimi nilikuwa na asubuhi moja tu mpaka saa tisa, na padri wa kunifukuza.

Yaliyobadilika ni machache na sitaki kumdanganya mtu. Meza ya Bwana hatuli pamoja. Sare ya kwaya nne haijapatikana mpaka leo, na simwombei mtu awe kwenye kamati hiyo. Halmashauri yetu ilikubali, baada ya kelele, kwamba Mkristo yeyote wa mtaa huu akifa na hana pa kuzikwa, atazikwa kwetu na daftari halifunguliwi. Mzee mmoja wa kanisa hajanisalimu vizuri tangu siku hiyo. Akina mama wa makanisa manne tulichanga tukanunua sufuria kubwa mbili, turubai na viti hamsini vya misiba. Vyote hivyo vinakaa kwa jirani yangu Muislamu, kwa sababu hatukukubaliana vikae kanisa gani.

Arobaini ya shoga yangu tuliifanya uani kwake. Mchungaji kijana aliwahi kabla ya watu, tukawa tunapanga viti. Nikaona siwezi tena, nikamwambia habari ya mfuko. Alinyamaza, kiti kimoja kiko mkononi.

"Upande gani?" akauliza.

"Kushoto."

"Alikuwa akiomba hushika hapo," akasema. "Siku zote. Nilidhani ni presha." Akakiweka kiti chini, akachukua kingine.

Watu wakaja, kaka mkubwa naye alitoka Tabora, na padri wa Kikatoliki alikuwapo. Tukaimba, akahubiri mmoja, akahubiri wa pili, mimi nikiangalia sufuria. Ikafika sala. Tukasimama. Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe. Tulipokaribia pale nikaona watu wanapunguza mwendo, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembeni, kama madereva wawili kwenye njia nyembamba. Ufalme wako...

Wakatoliki, kwa adabu, wakasema "uje". Walokole, kwa adabu, wakasema "ufike".

Kimya kikapita. Kisha mtu mmoja akaguna kwa kicheko, sidhani kama lilikuwa kosa, na kaka mkubwa akaficha uso kwenye leso, mabega yanamtikisika. Kutoka upande wa jiko, ambako jirani yangu alikuwa anakoroga mchuzi, ikaja sauti:

"Hata leo hamkupatana?"

"Bado," nikamjibu. "Pakua tu."